Mbuni wa Mapokezi

Jumatatu ya kwanza ya Mei, saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, Edvina aliingiza baiskeli yake ya magurudumu matatu katika mapokezi ya kampuni moja ya kahawa mjini Bukoba, akaiegesha kati ya mtungi wa maji na kalenda ya mwaka uliopita. Ilikuwa baiskeli ya kuzungushwa kwa mikono, ya rangi ya kijani. Miguu yake miwili, ambayo haikuwahi kumbeba tangu utotoni, ilitulia juu ya kibao cha chini kama ndugu wawili waliokuja kumsindikiza. Kikapuni kulikuwa na bahasha. Ndani ya bahasha kulikuwa na stashahada yake ya ununuzi na ugavi, pamoja na barua iliyosema kwamba kati ya waombaji kumi na mmoja wa kazi ya karani wa ghala yeye ndiye aliyeongoza, na kwamba afike ofisini kukamilisha taratibu za ajira kabla msimu haujafunguliwa tarehe mosi Julai.

"Karibu mgeni," alisema Ashura wa mapokezi, akaacha kitambaa cha kufutia kaunta, akaenda kuleta kisahani cha akamwani.

Ndivyo ilivyo Uhaya. Mtu akifika, kabla hajaulizwa shida yake, hupewa kahawa ya kutafuna, ile inayochumwa mbichi, ikachemshwa na majani ya harufu na kuanikwa juani mpaka ikawa ngumu kama kokoto. Edvina alikuwa amelelewa vizuri Kishanda, wilayani Muleba. Alipokea punje mbili kwa mikono miwili. Moja akaitafuna. Ya pili ilimponyoka, ikadunda sakafuni, ikasimama karibu na gurudumu la mbele. Hakuweza kuifikia, na aliona haya kumwomba mtu amwokotee.

Saa nne aliteremka Bwana Gamaliel, afisa utumishi, mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni.

"Dada Edvina! Hongera sana. Umewaacha wenzako mbali kabisa."

"Asante, Bwana Gamaliel. Naanza leo?"

"Kuna kitu kidogo tu." Alimwonyesha kupitia dirishani. Mlango wa ghala ulikuwa upande wa pili wa ua, na chini ya mlango kulikuwa na kizingiti cha saruji chenye kimo cha viganja viwili, kilichojengwa ili maji ya mvua yasiifikie kahawa. "Baiskeli yako itapandaje pale?"

"Nikiwekewa mteremko mdogo. Hata ubao mmoja unatosha."

"Ubao ni suala la kamati."

"Na kamati inakaa lini?"

"Njoo kesho," alisema Gamaliel.

Kesho yake ile punje ilikuwa imeota. Kahawa iliyochemshwa haioti, hata mtoto wa darasa la pili Muleba analijua hilo, lakini hii ilikuwa imepasua sakafu na kusimama wima, ina majani mawili ya duara. Ashura alifagia kwa kuizunguka. Gamaliel aliitazama kidogo.

"Saruji ya siku hizi," alisema. "Wanazidisha mchanga." Kisha akamwambia Edvina kwamba wajumbe wawili wa kamati wamesafiri, aje kesho. Aliposema hivyo mche ulifungua jozi nyingine ya majani, kwa sauti ndogo kama ya mtu anayemenya peremende kanisani.

Ikawa hivyo. Kila Edvina alipoambiwa aje kesho, mbuni, yaani mti huo wa kahawa, uliongeza jozi moja. Mwisho wa wiki ya pili ulikuwa umefika kwenye kaunta na kutoa matawi, na Ashura alikuwa ameanza kutundika mwavuli wake hapo.

Edvina hakuweza kutulia. Mikono yake ilizungusha pedeli mbele nusu mzunguko, nyuma nusu mzunguko, mbele, nyuma, tangu asubuhi hadi jioni, na baiskeli ikayumba papo hapo kama kitanda cha mtoto. Kilichomsumbua zaidi kilikuwa dirisha. Karani wa zamani alikuwa amestaafu mwezi Aprili, na tangu hapo wapagazi walipanga magunia walivyojua wenyewe. Alimwona mmoja akipanga magunia ya arabika juu ya kahawa ya maganda, ambayo haijakobolewa, iliyokuwa haijakauka vizuri. Siku iliyofuata waliweka shehena ya kijiji cha Ijumbi na ya kijiji cha Kagoma mahali pamoja bila alama. Vidole vyake vilimwasha.

"Ashura, waambie ile ya chini itaota ukungu. Waitoe leo."

"Pumzika, dada," alisema Ashura. "Wewe ni mgeni wetu. Mambo ya vumbi yale waachie wenyewe."

Jioni alirudi kwa Mama Sumitra, mwenye duka la vitambaa, mojawapo ya maduka machache ya Wahindi yaliyobaki mjini. Mama Sumitra alimpangisha chumba cha uani kwa sababu hakikuwa na ngazi na kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, alikuwa amechoka kuzungumza na redio.

"Leo wamesemaje?"

"Kesho."

"Na mti?"

"Umepita kaunta."

"Arabika au robusta?"

"Robusta."

"Hiyo huzaa sana," alisema Mama Sumitra, akikunja kitenge. "Usilie, binti. Mimi nimezaliwa hapa hapa Bukoba, huu ni mwaka wangu wa sitini na tisa. Juzi mteja ananiuliza, mama, kwenu mnarudi lini? Nikamwambia, saa kumi na mbili, nikifunga duka."

Edvina alicheka mpaka akasahau mikono yake. Baadaye, peke yake chumbani, ilianza tena kuzunguka, hata pale ambapo hapakuwa na pedeli.

Jumapili alimpigia simu bibi yake, Alistidia, aliyemlea Kishanda.

"Siku ya kwanza walikupokea na nini?" aliuliza bibi.

"Akamwani."

"Ukapokea?"

"Bibi, ningekataaje?"

"Basi hapo ndipo ulipoharibu, mwana wange. Mtu wa kibarua akija kwangu nampa jembe kwanza, aingie kibanjani, shambani kwangu. Akitoka na jasho, ndipo nampa kahawa. Nikianza na kahawa, huyo amekuwa mgeni. Nitamshikishaje mgeni jembe? Watu wataniona mimi nina njaa."

"Lakini si wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe?"

"Wanasema," alijibu bibi. "Hao wenzako wa ofisini wameishia siku ya pili."

Jumatatu Ashura alipoleta kisahani, Edvina alisema, kwa sauti aliyoifanyia mazoezi njia nzima, "Asante Ashura, leo sitatafuna. Nitatafuna nikishaanza kazi."

Ashura alisimama na kisahani chake. Uhaya, anayekataa kahawa ya mtu amesema bila kusema kwamba nyumba ile ina sumu.

"Kwani nimekuwekea nini?" aliuliza, na machozi yakamlengalenga. "Dada Edvina, nimekukosea nini mimi?"

Gamaliel alisikia kutoka ngazini. Akaandika kwenye faili la Edvina: hashirikiani vizuri na wenzake. Siku iliyofuata Edvina alimwomba Ashura radhi, akapokea punje mbili, akazitafuna zote mbele yake. Mbuni uliongeza jozi mbili, moja ya jana na moja ya leo.

Mwisho wa Mei alijaribu njia nyingine. Alikuja na karatasi aliyoichapisha kwenye duka la vifaa vya kuandikia, akamsubiri Gamaliel chini ya matawi.

"Sheria ya watu wenye ulemavu inasema mwajiri mwenye watu ishirini na kuendelea, asilimia tatu yao wawe watu wenye ulemavu. Ninyi mko sitini na wanane."

Gamaliel alikuwa mwepesi wa hesabu. "Asilimia tatu ya sitini na wanane ni wawili na kipande," alisema. "Hicho kipande, dada, ndicho kinachotusumbua. Tutampata wapi kipande cha mtu?"

"Anzeni na mmoja mzima. Yuko hapa."

"Tunakuombea sana, ujue."

"Bwana Gamaliel, siombi msaada. Nadai kazi niliyoishinda."

Alipotamka neno hilo uso ulimwaka moto, kwa kuwa hakuwa amezoea kudai kitu. Nyumbani aliomba hata chumvi kwa kuzunguka zunguka.

"Kudai ni neno kali," alisema Gamaliel kwa upole, akaikunja ile karatasi na kuitia mfukoni pamoja na kalamu zake. "Njoo kesho."

Katikati ya Juni, siku ya Jumanne, mti uligusa dari. Baada ya nusu saa kamati nzima ilikuwa imekaa. Edvina, aliyekuwa ameambiwa wiki sita kwamba akidi haijatimia, aliwaona wajumbe wote watano wamesimama chini ya mbuni, shingo zimepinda, wakitazama juu kama watu wanaosubiri senene. Mkurugenzi mwenyewe, Bwana Karugendo, aliweka kiganja kwenye shina.

"Usikatwe," alisema. "Mti wa kahawa ndani ya kampuni ya kahawa ni baraka. Ufanyiwe nafasi."

Saa tano alifika Fundi Twaibu na vijiti vyake vya kupimia. Saa kumi dari lilikuwa limetobolewa, bati limekatwa kwa duara safi, mfereji wa kupitisha maji ya mvua umewekwa, na shina limejengewa ukingo mdogo wa saruji wenye jina la kampuni. Saruji ikabaki, ndoo moja na nusu, bado mbichi.

"Fundi," alisema Edvina, "kile kizingiti cha ghalani, kukiwekea mteremko kungehitaji saruji kiasi gani?"

Twaibu alitazama dirishani, akafumba jicho moja. "Hii hii iliyobaki. Dakika arobaini, na hapo nimeshakunywa chai."

"Haimo kwenye oda, fundi," alisema Gamaliel.

Twaibu alikuwa mtu wa oda. Aliibeba saruji, akaenda kuimwaga nyuma ya choo, nayo ikagandia huko huko na bado ina umbo la ndoo.

"Ule mti mmeufanyia siku moja," alisema Edvina. Mikono yake ilikuwa imeshika pedeli kwa nguvu.

"Mti hauwezi kusubiri, dada," alimweleza Gamaliel. "Mti una uhai."

Wiki hiyo mbuni ulichanua. Maua meupe yalijaa mapokezi, harufu yake ikapanda ghorofani na kutoka kwa lile tundu la paa mpaka barabarani. Wateja waliomba kupigwa picha. Bwana Karugendo alimwomba Edvina asogee kidogo kushoto, baiskeli ionekane yote.

Zilibaki siku saba kabla ya msimu alipokuja mkaguzi aliyetumwa na wanunuzi wa ng'ambo, mama mmoja wa Dar es Salaam aitwaye Shadya. Alikuwa na fomu ndefu. Aliuliza kuhusu vyoo, vifaa vya kuzimia moto na glovu, akaweka vema. Kisha akasoma, "Wafanyakazi wenye ulemavu?"

"Tunaye," alisema Bwana Karugendo, akanyoosha mkono kuelekea chini ya mti.

Shadya akaweka vema.

Edvina alikuwa mtu ambaye darasani alijua jibu na akasubiri mwingine alitaje. Safari hii hapakuwa na mwingine.

"Mama, samahani. Mimi si mfanyakazi hapa."

Watu wakageuka.

"Nilishika nafasi ya kwanza kwenye usaili wa karani wa ghala. Nimekaa hapa wiki saba bila kupewa kazi, kwa ajili ya kizingiti. Hilo unaloandika si kweli."

Shadya aliigeuza fomu, akatazama mbele na nyuma. "Hapa pana ndiyo na hapana tu."

"Basi andika hapana."

"Lakini si upo?" alisema Shadya bila ubaya wowote. "Nikiandika hapana nitakuwa nimesema hupo. Na mimi nakuona."

Akaipigia ile ndiyo mistari miwili chini yake, ili isije ikafutika, akapokea kahawa, akatafuna, akasifu mti.

Tarehe thelathini Juni Gamaliel aliteremka na barua yenye muhuri, akaitoa kwa mikono miwili. Edvina aliifungua. Menejimenti, ilisema barua, imeridhia kumteua Ndugu Edvina kuwa Mgeni Rasmi wa Kudumu wa kampuni. Atapewa fulana mbili, kofia, na nusu kilo ya kahawa ya mti ule kila msimu.

"Na kazi ya karani?"

"Imeshapata mtu. Avit wa Ijumbi."

"Alikuwa wa ngapi?"

"Wa tano. Ni mtu mzuri."

"Na mimi hapa nitakuwa nafanya nini?"

Gamaliel alifikiri kwa dhati, kwa kuwa alimpenda. "Kukaribishwa," alisema. "Weka sahihi pale chini."

Pale chini Edvina aliandika: Niliomba kazi. Gamaliel aliyasoma maneno hayo, akahakikisha kwamba wino ni wa bluu, akagonga muhuri wa kupokelewa, akaiweka barua kwenye faili pamoja na nyingine zilizokubaliwa.

Ashura alimsindikiza hadi mlangoni. "Usikasirike, dada," alisema, akimtengenezea kola ya blauzi. "Mbona wengine hata kukaribishwa hawakaribishwi?" Alisema kwa moyo mweupe kabisa, na Edvina alimshika mkono kidogo.

Msimu ulipofunguliwa, mti ulikuwa tayari umeiva. Ulichukua siku kumi na moja tangu maua. Kahawa yake ilichumwa kwa ngazi, ikaanikwa, ikakobolewa, ikatiwa kwenye mifuko ya robo kilo yenye picha ya Edvina akiwa chini ya matawi, amesogea kidogo kushoto. Wapimaji waliionja, wakasema ni nzito na ina uchungu unaokaa mdomoni muda mrefu, jambo ambalo wanunuzi wa robusta hawalichukii. Kampuni ikatangaza kazi mpya ya mtunza mti. Sifa ya kwanza ya mwombaji ilikuwa awe na uwezo wa kupanda ngazi.

Edvina hakuomba. Asubuhi ile ya kufunguliwa msimu, tarehe mosi Julai, alikuwa amefika saa moja na nusu, malori kutoka Muleba yakiwa tayari yamepanga foleni. Alipita mlango wa mapokezi bila kusimama. Alizunguka jengo juu ya kokoto, ambako magurudumu yalizama na mikono ikamuuma mpaka mabegani, akafika kwenye mlango wa ghala, akasimama pale ambapo gurudumu la mbele liligusa kizingiti.

Kiongozi wa wapagazi alikuja na gunia begani. "Dada, wageni ni upande ule."

"Ego waitu, ndiyo, najua."

"Hapa unaziba njia."

"Nusu tu," alisema Edvina. "Ile nusu nyingine ni yenu."

Mpagazi akapima kwa macho, akaona ni kweli, akapita upande. Waliofuata nao wakapita upande. Kufikia saa nne walikuwa wamezoea.

Avit alitokea ndani na daftari mkononi. Alikuwa mwanaume wa makamo, jasho likimtoka, na nyuma yake magunia yalikuwa yamekuwa mlima mmoja usio na kichwa wala miguu. Alimwamkia kwa heshima.

"Dada Edvina, nimeambiwa wewe unayajua haya. Hii ya Kagoma niipange wapi?"

Edvina alijua. Alijua safu, alijua upande wenye upepo, alijua hata magunia gani yatolewe kwanza kabla jua halijawa kali. Jibu lilikuwa limekaa kwenye ulimi wake tangu Mei, na kwa tabia yake angelitoa bure na kushukuru kwa kuulizwa. Mikono ilizunguka, nusu mbele, nusu nyuma. Gurudumu likagonga saruji, likarudi, likagonga.

"Nitakuambia," alisema, "nikiwa upande huo ulipo wewe."

Avit alikitazama kizingiti kama mtu aliyeonyeshwa kovu kwenye mkono wake mwenyewe. Akaweka daftari chini, akaenda ofisini kuuliza habari za ubao. Alirudi baada ya robo saa.

"Wamesemaje?"

"Niende kesho."

Juu ya paa mbuni ulifungua jozi mbili kwa mpigo, moja ya Edvina na moja ya Avit, na wapagazi hawakuinua vichwa.

Saa kumi na moja kengele ya kutoka ililia. Watu walitoka ghalani mmoja mmoja, na kila mmoja, alipofika pale, aliinua mguu, akatazama chini kuona ni nini kilichomfanya auinue, akaupitisha, akainua wa pili. Walimpita Edvina wakimgusa bega.

"Haya dada, tutaonana kesho."

"Kesho mtanikuta," alisema Edvina, akafunga breki.